Kabla Springi Haijakatika: Mwongozo kwa Wenye Magari ya Mizigo Kagio

Siku ya soko Kagio, kreti za nyanya hupangwa juu kwa juu tangu alfajiri. Vitunguu hufuata, halafu ndizi, halafu gunia la mwisho ambalo mwenye mali ameomba liongezwe kwa sababu nafasi bado ipo. Kila mzigo unapopanda, nyuma ya pikapu hushuka kidogo. Dereva hukagua kamba, turnboi hugonga tairi kwa mguu. Ni nadra kumwona mtu akiinama kutazama springi, ingawa ndiyo itakayobeba shehena yote hadi Sagana na kupokea kila tuta na kila shimo lililo njiani.

Kisha siku moja springi inakatika, na lawama zinaliangukia shimo la siku ile. Shimo halina hatia kubwa. Springi nyingi za majani huanza kupasuka wiki au miezi kabla ya kukatika, kwa ufa mwembamba uliofunikwa na tope na kutu. Ufa huo unaweza kuonekana mapema, na kulegea kwa springi kunaweza kupimwa. Vifaa vinavyohitajika havizidi tepu ya kupimia, mifuko ya simiti, mafuta ya taa na chaki ya shule. Mwongozo huu ni wa mwenye Kanta, pikapu, Hiace au Land Rover ya zamani anayefanya kazi kati ya Kagio, Kutus, Kerugoya, Karatina na Nyeri, na wa fundi wake pia, kwa kuwa kazi hii ni rahisi zaidi ikifanywa na watu wawili.

Mbinu zenyewe si mpya. Watengenezaji wa magari ya kwanza walilazimika kuzibuni kwa sababu barabara zao zilikuwa za mawe na matope, na springi ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyowaaibisha mapema mbele ya wateja. Walichojifunza bado kinafaa katika gereji yoyote ya jua kali.

Somo la kwanza lilitoka kwenye reli, kabla gari la petroli halijaundwa. Katika miaka ya 1850 na 1860 mhandisi wa reli wa Kijerumani, August Wöhler, alitaka kujua kwa nini ekseli za mabehewa zilivunjika zikiwa zimebeba mzigo wa kawaida. Alitengeneza mashine za kukunja na kukunjua vyuma maelfu kwa maelfu ya mara, akihesabu. Aligundua kwamba chuma huweza kuvunjwa na nguvu ndogo kuliko ile ya kukivunja kwa mara moja, mradi nguvu hiyo irudiwe vya kutosha. Tena aliona kwamba kinachoua chuma zaidi ni upana wa mchezo wenyewe, yaani tofauti kati ya kukazwa sana na kulegezwa. Ukipunguza upana huo kidogo, maisha ya chuma huongezeka sana. Ukiuongeza kidogo, yanafupika vibaya.

Hebu lifikirie gari la mizigo. Kwenye barabara mbovu, mwili wake hupanda na kushuka takriban mara moja hadi mbili kwa sekunde. Safari ya saa moja ni kati ya mara 3,600 na 7,200. Gari linalokwenda sokoni kila wiki hufikisha mamia ya maelfu bila mtu kujua. Ndiyo maana gari lililozidishiwa mzigo linaweza kwenda salama leo, kesho na mwezi mzima, mwenyewe akaamini kwamba springi imeukubali mzigo ule, kumbe hesabu inaendelea chini chini.

Somo la pili ni la Rolls-Royce. Mwaka 1907 gari lao lililojulikana kama Silver Ghost liliendeshwa maili 15,000, ambazo ni zaidi ya kilomita 24,000, chini ya uangalizi wa chama cha magari cha Uingereza. Mwendo ulipokwisha, gari lilifunguliwa na sehemu zake zikapimwa kuona zimelika kiasi gani. Watu hukumbuka umbali. Kwa mwenye gari wa Kagio, cha kuigwa ni kule kufungua na kupima, kwa sababu gari linaweza kumaliza safari ndefu likiwa limebakiza safari moja tu. Baadaye, katika kiwanda chao cha Derby, walikuwa na mashine ya kutikisa gari: magurudumu yaliwekwa juu ya ngoma zenye vinundu, ngoma zikazungushwa, na gari likarukaruka palepale lilipofungwa hadi udhaifu wake ujitokeze. Mwaka 1924 General Motors nao wakafungua uwanja mzima wa majaribio huko Milford, Michigan, ili kila gari lipite juu ya barabara ileile, kwa mwendo uleule, na matokeo yalinganishwe.

Upande wa chuma, Ford alipoanza kuuza Model T mwaka 1908 aliliwekea springi mbili tu, moja mbele na moja nyuma, zote zikiwa zimelala kukingama gari badala ya kufuata urefu wake. Alitumia chuma kilichochanganywa na vanadi, ambacho huvumilia kukunjwa-kunjwa kuliko chuma cha kawaida. Zaidi ya magari milioni 15 ya aina hiyo yalitengenezwa hadi 1927, na mengine yakafika Afrika Mashariki.

Huku kwetu barabara zenyewe ndizo zilizokuwa mashine ya majaribio. Lionel Douglas Galton-Fenzi, aliyeanzisha chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki mwaka 1919, aliondoka Nairobi mwaka 1926 kwa gari la Riley akafika Mombasa, wakati ambapo hapakuwa na barabara ya magari inayostahili kuitwa hivyo. Mnara wake ungali umesimama Kenyatta Avenue, Nairobi, ukiwa na majina ya miji na umbali wake. Kisha mwaka 1953 yakaja mashindano ya Safari, yaliyozunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwanzoni magari yaligawanywa kwa bei ya dukani, na yalitakiwa yawe magari ya kawaida ambayo mtu yeyote angeweza kununua. Kwa watengenezaji hicho kilikuwa kipimo cha haki kuliko tangazo lolote. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 na kumaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena. Miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff ndani ya Peugeot 404, na mtu yeyote aliyekulia miji ya Mlima Kenya anajua jinsi Peugeot ilivyopendwa huku baadaye.

Lakini mfano unaomfaa zaidi msomaji wa mwongozo huu ni wa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, fundi kabla ya kuwa bingwa. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika kwenye mashindano ya mwaka uliotangulia. Gari kuukuu liliyashinda mapya. Hilo linawezekana pale tu mwenye gari anapojua hali ya kila chuma kilicho chini yake.

Sasa tuingie kazini.

Kipimo cha kwanza ni cha kimo. Tafuta sakafu ya saruji iliyo tambarare. Uwanja wa kituo cha mafuta hufaa ukiomba ruhusa wakati hakuna foleni. Gari liwe tupu, na mafuta yawe kiwango unachoweza kukirudia kila mara, kwa mfano nusu tangi. Sukuma gari mbele na nyuma kama mita moja bila kushika breki ili springi zikae zinavyotaka, kisha libonyeze kila pembe mara tatu na kuliachia. Baada ya hapo pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi moja kwa moja juu yake. Usipime kutoka chini, kwa sababu tairi lenye upepo kidogo litakudanganya. Kwa pikapu na lori ambalo bodi yake imetengenezwa upya, madigadi si ya kuaminika; ingia chini, upime kutoka juu ya ekseli hadi upande wa chini wa chasisi.

Andika namba nne kwenye daftari: mbele kulia, mbele kushoto, nyuma kulia, nyuma kushoto, pamoja na tarehe na kilomita za dashibodi. Namba za siku moja hazisemi mengi. Zile za miezi sita ndizo zenye habari. Springi nzuri hushuka milimita chache inapokuwa mpya, halafu hutulia. Watengenezaji huliwahi hilo kwa kuikandamiza springi mpya kupita kiwango chake cha kazi kabla haijatoka kiwandani, ili ushukaji wa mwanzo uishie huko. Springi iliyotulia kisha ikaanza kushuka tena inakuambia kwamba jani limepasuka au chuma kimechoka. Tofauti ya zaidi ya milimita 15 hivi kati ya kulia na kushoto kwenye ekseli moja inatosha kukufanya uingie chini na tochi siku hiyohiyo.

Kipimo cha pili huchukua muda zaidi, nacho ndicho chenye faida kubwa. Robert Hooke aliieleza kanuni yake mwaka 1678: springi nzima hunyooka au kukunjika kulingana na mzigo, mzigo ukiwa maradufu nayo hujikunja maradufu. Kwa hiyo ukiipa mizigo inayojulikana kwa hatua zinazolingana, nayo itashuka kwa hatua zinazolingana. Ikienda kinyume, kuna jambo.

Mfuko wa simiti una kilo 50, na kwa sababu umefungwa kiwandani ni mzigo wa kuaminika kuliko gunia la viazi. Panga mifuko moja kwa moja juu ya ekseli ya nyuma, nusu upande wa kulia na nusu upande wa kushoto. Tuseme pikapu ikiwa tupu kuna milimita 180 kati ya ekseli na chasisi. Weka mifuko sita, yaani kilo 300, sukuma gari mbele na nyuma, pima: milimita 150. Ongeza mingine sita, pima: milimita 122. Hatua ya kwanza ni 30, ya pili ni 28. Hizo zinakaribiana, springi iko sawa. Kama hatua ya pili ingekuwa 50, ungetafuta jani lililopasuka au yu-bolti zilizolegea. Na kama ingekuwa 10 tu, huenda jani la msaada lililo juu limeanza kubeba, jambo ambalo ni la kawaida kwenye magari yenye jani hilo, au chasisi imefika kwenye raba ya kuzuia. Hilo la raba ni baya, kwa sababu kuanzia hapo kila pigo huenda moja kwa moja kwenye chasisi.

Teremsha mifuko yote, pima tena. Usishtuke ukikuta 176 badala ya 180. Majani husuguana, na msuguano huo hushikilia springi kidogo. Liendeshe gari mita mia kadhaa na kurudi, kisha upime mara ya mwisho. Ikiwa bado limebaki chini kwa milimita 10 au zaidi, springi hiyo imepoteza nguvu yake na haitairudisha.

Wakati wa kupakia, usipite uzito ulioandikwa kwenye kibati cha gari. Na ukiwa hapo, jiulize mzigo wako wa siku ya soko ni kilo ngapi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne, na tani 8 kwa ile yenye tairi mbili, lakini hiyo ni mipaka ya kulinda barabara. Gari lako dogo lina mpaka wake wa chini zaidi. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa lami hukua kwa kasi kuliko mzigo: ekseli iliyozidishiwa moja ya tano ya uzito wake huharibu karibu mara mbili. Springi nayo ina kanuni kali ya namna hiyo. Kreti tano za ziada zinazoonekana kama faida ya siku hukatwa kwenye maisha ya springi kwa bei ambayo mwenye nyanya halipi.

Kipimo cha tatu ni cha kutafuta ufa. Mafundi wa reli walikitumia zamani kabla ya mashine za sumaku na za sauti kuja, na hakuna sababu ya kukiacha. Hapa lazima springi ishuke, hivyo usalama kwanza. Gari lisimame juu ya magogo au stendi imara, kamwe lisitegemee jeki peke yake. Kabla ya kufungua bolti ya katikati, ibane springi kwa klampu au vaisi pande zote mbili za bolti, kwa sababu majani yamekandamizana na yakiachiwa ghafla yanaruka kwa nguvu ya kuvunja mkono. Legeza klampu polepole.

Ondoa matope kwa brashi ya waya, kisha safisha kila jani hadi chuma kionekane. Lilaze kwenye karai la mafuta ya taa kwa saa moja au mbili, au likiwa refu mno, lifunge kwa vitambaa vilivyolowa mafuta hayo. Litoe, lipanguse likauke kabisa kwa kitambaa safi. Saga chaki ya shule hadi iwe unga, ichanganye na spiriti iwe kama rangi nyepesi, na upake uso mzima wa jani kwa brashi laini. Spiriti hukauka upesi na jani hubaki jeupe. Sasa ligonge taratibu kwa nyundo ya mti kuanzia katikati kwenda nje, uliache. Palipo na ufa, mafuta yaliyojificha ndani yataanza kupanda na kuloanisha chaki. Kwanza huonekana kama unywele wa kijivu, kisha mstari huo hunenepa na kuwa mweusi. Mstari unaokatiza upana wa jani ni ufa. Doa la duara lisilo na umbo mara nyingi ni mafuta ambayo hukuyapangusa vizuri. Rudia sehemu hiyo.

Tafuta kwa makini sehemu nne. Tundu la bolti ya katikati, kwa kuwa chuma ni kidogo hapo. Ukingo ambapo yu-bolti huishia kubana. Jicho la jani la kwanza, pale linapojikunja kushika bushi. Na mahali ncha ya jani fupi inaposugua jani lililo juu yake, ambapo mara nyingi utakuta mfereji uliochimbika. Mfereji huo ni hatari hata kama chaki haijaonyesha kitu, maana ufa hupenda kuanzia hapo. Vumbi jekundu la kutu kati ya majani ni dalili kwamba yamekuwa yakisuguana makavu.

Kama springi imeshakatika, usitupe vipande kabla hujavitazama. Kwenye uso wa mvunjiko, sehemu ya zamani huwa laini na nyeusi, mara nyingi ikiwa na mistari ya upinde iliyofuatana, kila mmoja ukionyesha ufa ulipofika kabla haujasonga tena. Sehemu iliyobaki huwa na chembechembe zinazong'aa. Hiyo ndiyo iliyokatika siku ya mwisho. Sehemu nyeusi ikiwa kubwa, springi ilikufa polepole na ungeweza kuigundua. Ikiwa uso wote unang'aa, ama ilipigwa na mzigo mkubwa mno kwa mara moja, ama chuma chenyewe kilikuwa kikavu kwa sababu ya moto uliokosewa kiwandani. Kipande cha namna hiyo mpelekee aliyekuuzia springi, mwonyeshe.

Kuhusu dawa, gereji nyingi zina tatu zinazopendwa, na zote zinahitaji tahadhari.

Ya kwanza ni kuunga jani kwa weldingi. Isifanywe kabisa. Chuma cha springi huchomwa hadi kiive, huzamishwa kwenye mafuta kipoe ghafla, kisha hupashwa tena kwa moto wa chini ili kiwe kigumu bila kuwa kikavu. Moto wa weldingi hufuta kazi hiyo yote pembeni mwa kiungo, na jani litakatika karibu na palepale. Kwa sababu hiyohiyo, usikubali mtu apashe jani kwa gesi ili alikunje juu, hata akikuhakikishia kwamba amefanya hivyo kwa magari mengi. Hata cheche za weldingi ya bodi zinazodondokea springi huacha alama ambazo ufa huanzia, kwa hiyo ifunike kwa gunia lililolowa.

Ya pili ni kuongeza majani. Inaweza kufaa, ila majani ya springi hayapangwi ovyo. Kila jani fupi hukunjwa zaidi kidogo kuliko lililo juu yake, ili yakibanwa pamoja yagawane mzigo. Jani lililokatwa kutoka gari jingine, lililonyooka kuliko mengine, halibebi chochote hadi mzigo uwe mkubwa, kisha linabeba yote kwa ghafla. Tena springi ngumu zaidi hazifanyi ekseli, bushi, shakeli na chasisi kuwa ngumu zaidi. Mara nyingi pikapu iliyoongezwa majani mawili huacha kukata springi na kuanza kupasua mahali zinaposhikiliwa kwenye chasisi, na huo ni ukarabati ghali.

Ya tatu ni kununua springi ya mitumba. Hapo chaki ndiyo rafiki yako. Mwombe muuzaji akuruhusu kuipima, na ulinganishe jozi yake: ziweke mbili chini, mgongo kwa mgongo, macho ya moja yakikabili ya nyingine. Zikitofautiana mkunjo, hazikutoka gari moja au moja imechoka. Usibadilishe upande mmoja tu, isipokuwa ule mwingine umepimwa na kukutwa mzima kabisa.

Lakini dawa ya bei nafuu kuliko zote ni yu-bolti. Kazi yake ni kubana springi kwenye ekseli kwa nguvu kiasi kwamba sehemu ya katikati haijikunji kabisa. Zikilegea, katikati huanza kucheza, na tundu la bolti hubeba mzigo ambao halikukusudiwa kuubeba. Jani lililokatikia tundu la katikati karibu kila mara lina historia ya yu-bolti zilizolegea. Weka mpya kila springi inaposhushwa, kwa kuwa za zamani zimeshanyooka na nyuzi zake zimechoka. Zikaze gari likiwa chini kwa uzito wake, kwa kukingamanisha, kidogo kidogo kila nati, hadi nguvu aliyoitaja mtengenezaji. Kisha zikaze tena baada ya kilomita 500 hivi. Watu wengi huiruka hatua hii ya mwisho, na gereji hupata wateja.

Wenye Probox, ambazo nyuma zina springi za koili, hawana majani ya kufungua, lakini kipimo cha kimo na cha simiti kinawahusu vilevile. Kwenye koili tazama rangi iliyobanduka, maana kutu ikishachimba kishimo, ufa hauko mbali. Koili ya juu au ya chini kabisa, inayokaa kwenye kikalio na kushika maji na mchanga, ndiyo hukatika mara nyingi, na gari huendelea kutembea likiwa limeinama kidogo bila mwenyewe kufahamu. Raba zinazochomekwa kati ya koili ili kuinua gari huzuia sehemu moja isicheze, na kazi yake hubebwa na zile zilizobaki.

Baada ya matengenezo, iga Milford. Chagua njia moja, mzigo mmoja na mwendo mmoja. Mathalani kutoka Kagio kupita Kutus hadi Kerugoya na kurudi, ukiwa na mifuko ileile kumi na miwili ya simiti. Ukirudi, gusa kila shokabzoba kwa tahadhari: inayofanya kazi huwa na joto, na iliyo baridi wakati mwenzake ana joto imekufa. Springi isiyo na shokabzoba nzuri hucheza mara nyingi zaidi kwa kila tuta, na Wöhler ameshaeleza mara hizo huishia wapi. Teremsha mzigo, pima kimo, andika. Rudia njia hiyohiyo msimu wa mvua na msimu wa kiangazi, na kabla ya kupeleka lori kwenye ukaguzi wa kila mwaka wa NTSA, ili mkaguzi asiwe mtu wa kwanza kukuambia habari za gari lako.

Majani yaliyokataliwa yana soko. Wahunzi wa jua kali huyataka kwa ajili ya panga, patasi na majembe, kwa kuwa chuma chake hushika makali vizuri. Kabla ya kumpa mhunzi, yapige alama ya rangi nyekundu ili yasirudi barabarani kama majani ya msaada kwenye pikapu ya mtu mwingine. Kisha mwonyeshe ufa ulipo, na mkubaliane akate upana wa kiganja pande zote mbili za ufa huo, maana ufa ukiachwa utaingia ndani ya panga.